Kuna Mtu Anayeweza Kuchagua Jehanamu?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Baba yangu alifariki miezi michache iliyopita. Hakuwahi kubatizwa, na kila tulipomsihi aje kanisani alikuwa akisema, "Nendeni ninyi, mkaniombee." Siku ya mazishi mhubiri alisimama kando ya kaburi akasema kila mtu huchagua mwenyewe umilele wake, na marehemu naye alikwisha kuchagua. Tangu siku ile silali. Kweli yupo mtu mwenye akili timamu anayeweza kuchagua jehanamu? Kama Mungu ni upendo, mbona amwache mtu aangamie? Na je, nikimtaja baba katika maombi yangu, natenda dhambi?

JIBU: Amina, binti yangu. Pole sana kwa kufiwa na mzazi. Na pole ya pili kwa maneno uliyoyasikia pale kaburini, maana barua yako inanionyesha kwamba hayo ndiyo yanayokukesha.

Mhubiri yule alisema jambo la kweli, kisha akaongeza jambo asilolijua. La kweli ni kwamba uchaguzi upo. Musa aliwaambia Israeli, "Nimekuwekea mbele yako uzima na mauti, baraka na laana, basi chagua uzima" (Kumbukumbu la Torati 30:19). Asilolijua ni saa ya mwisho ya baba yako. Yule mnyang'anyi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, kama watu wangemzika wakiwa hawakumsikia akisema pale msalabani, nani angethubutu kusema yuko peponi? Hakubatizwa, hakurudisha alichoiba, hakupata nafasi ya kutenda jema lolote ambalo majirani wangelikumbuka. Alisema tu, "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako," akaambiwa, "Leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:42-43). Pumzi zake za mwisho zilikuwa kati yake na Bwana. Siwezi kukuahidi kwamba kwa baba yako ilikuwa hivyo, kwa sababu nami sijui. Ninachokuambia ni kwamba hakuna mwanadamu aliyepewa kutoa hukumu ile, wala mimi, wala aliyehubiri siku ile.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Nianze na neno jehanamu, maana wengi tunalitamka bila kujua lilikotoka. Ni jina la mahali: bonde la Hinomu, lililo kando ya Yerusalemu. Katika Agano Jipya la Kigiriki limetajwa mara 12, na mara 11 kati ya hizo anayelitamka ni Yesu mwenyewe. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba jehanamu ni kitisho cha wahubiri tu. Aliyetupenda kuliko wote ndiye aliyetuonya kuliko wote. Lakini tazama historia ya bonde lile. Ndipo wafalme Ahazi na Manase walipowapitisha watoto wao motoni, na ndipo mfalme Yosia alipopanajisi ili ibada ile ikome. Mungu alisema nini juu ya moto ule? "Mimi sikuagiza jambo hilo, wala halikuingia moyoni mwangu" (Yeremia 7:31). Moto uliolipa bonde lile sifa yake mbaya uliwashwa na watu, kwa mikono yao, na waliokuwa wakitupwa ndani ni watoto wao wenyewe. Mimi kila nikisoma mstari huo nasimama kwanza.

Yesu naye, anapoeleza hukumu ya mwisho katika Mathayo 25, anapambanua jambo ambalo mara nyingi tunalipita. Ufalme, asema, umewekwa tayari kwa ajili ya watu tangu kuumbwa ulimwengu. Moto wa milele je? Umewekwa tayari kwa Ibilisi na malaika zake. Mwanadamu hakutengewa nafasi huko. Akiingia, ameingia mahali pasipo pake.

Lakini ataingiaje kwa hiari? Hapa ndipo naona picha tuliyonayo vichwani inatupoteza. Tunawaza milango miwili, mmoja umeandikwa "raha" na mwingine "mateso", na mtu anaambiwa achague. Hapo hakuna atakayechagua mateso, una haki kabisa kushangaa. Maandiko hayauelezi uchaguzi hivyo. Yohana asema nuru imekuja ulimwenguni, na watu wakapenda giza kuliko nuru (Yohana 3:19). Wakapenda. Hawakupenda maumivu, walipenda kitu ambacho nuru ingewalazimu kukiacha.

Mfano wa mwana mpotevu sote tunaujua, ila tunauishia pale mdogo anapovikwa pete. Endelea kusoma. Ndani kuna ngoma na shangwe, ndama amechinjwa. Kaka mtu anatoka shambani, anasikia, anauliza mtumishi, kisha "akakasirika, akakataa kuingia ndani" (Luka 15:28). Mlango uko wazi. Nyumba ni ya baba yake, karamu ni yake pia. Hakuna aliyemfungia. Anabaki uani peke yake, si kwa sababu anapenda giza la uani, bali kwa sababu kuingia maana yake ni kukaa meza moja na ndugu aliyemdharau. Na baba anafanya nini? Anawaacha wageni, anatoka nje kumsihi. Ukitaka kujua mtu huchaguaje jehanamu, mtazame kijana huyo.

Nilimwona mtu wa namna hiyo kwa macho yangu. Mzee mmoja alikuwa mgonjwa mahututi, nami nilikaa kando ya kitanda chake. Nduguye, ambaye hawakusemezana kwa miaka mingi, alifika akasimama mlangoni, kofia mkononi, akilia bila sauti. Nikamwambia mzee, "Ndugu yako yuko hapa, anataka kukuomba msamaha." Alinyamaza kitambo, vidole vyake vikikunja na kukunjua pindo la shuka. Kisha akageuza uso ukutani. Nilimsihi kwa kadiri ya uwezo wangu. Hakugeuka tena mpaka nduguye alipoondoka. Alikuwa anaumia, na kilichokuwa kikimuumiza ndicho alichokishikilia. Aliishi siku kadhaa baada ya hapo, na kilichopita moyoni mwake siku hizo anajua Mungu, simhukumu. Lakini tangu siku hiyo sijauliza tena kama inawezekana mtu kukataa furaha iliyosimama mlangoni pake.

Tajiri wa Luka 16 naye hivyo hivyo. Yuko katika mateso, anamwona Lazaro, yule maskini aliyekuwa akilala mlangoni pake, na bado anasema, "umtume Lazaro". Hata kule anamwona kama mtu wa kutumwa! Anaomba maji, anaomba ndugu zake waonywe, na Ibrahimu akimjibu anabishana naye: "La, baba Ibrahimu." Hasemi, "Nisamehe, Lazaro, ulilala mlangoni pangu nisikuone." Na Ibrahimu anamwita "Mwanangu". Shimo kubwa lipo kati yao, wala Ibrahimu hafichi kwamba halivukiki, lakini sauti inayotoka upande wa pili si ya dhihaka.

Kwa nini basi Mungu asimlazimishe mtu kuingia? Kwa sababu mbinguni si mahali pazuri tu ambapo mtu anaweza kubebwa akiwa amelala. Mbinguni ni kuwa na Mungu, kumpenda yeye na wote anaowapenda. Upendo wa kulazimishwa si upendo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotolewa mwaka 1992 inaeleza jehanamu kuwa ni hali ya mtu kujitenga mwenyewe moja kwa moja na Mungu. Mimi si Mkatoliki, lakini hapo naona wamegusa kiini. Mungu mwenyewe anaapa katika Ezekieli 33:11 kwamba hafurahii kufa kwake mtu mwovu. Na Yesu alipoulilia mji wa Yerusalemu hakusema "sikutaka". Alisema nilitaka, "lakini hamkutaka".

Wapo walimu wa zamani, kama Origen wa karne ya 3, waliotumaini kwamba mwishoni wote watarejea. Ninaelewa shauku yao, ila sioni jinsi ya kuupita Mathayo 25:46, ambapo neno lile lile "milele" linatumika kwa adhabu na kwa uzima. Agustino, mwalimu mwingine wa kanisa la kale, aliliona hilo, na sijaona aliyemjibu sawasawa. Kama moto ni moto halisi au ni lugha ya mfano, sitapoteza muda wako. Mfano hauwi mkali kuliko kitu unachokieleza.

Jambo moja lazima niliweke sawa, lisije likakuwekea mzigo mwingine. Tukisema "chagua", hatusemi kwamba mtu hujiokoa kwa nguvu ya uamuzi wake. Mtaguso wa Orange, yaani mkutano wa maaskofu wa mwaka 529, ulifundisha kwamba hata mwanzo wa imani, ile hamu tu ya kumwamini Mungu, ni kazi ya neema. Mtaguso huo huo ukawalaani wanaosema Mungu amewapangia wengine uovu. Nayashika yote mawili. Baba ndiye anayetoka nje kwanza. Mwana hajitoi uani kwa maarifa yake. Kwa hiyo usijilaumu kwamba hukumsihi baba yako vya kutosha. Aliyekuwa akimsihi hakuwa wewe peke yako, wala hakukoma ulipolala.

Kuhusu kumtaja katika maombi: Wakatoliki na Waorthodoksi huwaombea marehemu tangu zamani, nao husoma 2 Wamakabayo 12, kitabu kisichomo katika Biblia za Waprotestanti wengi. Sisi Waprotestanti wengi hatufanyi hivyo, na kanisani kwenu nadhani mnafuata njia hiyo. Lakini kumlilia Mungu kwa ajili ya baba yako si dhambi. Mtaje kwa jina. Mwambie Mungu unavyomkumbuka, mwambie unaogopa, mshukuru kwa yale mema uliyoyaona kwake. Na lile neno la baba yako, "Nendeni ninyi, mkaniombee," mimi sitalipuuza. Mtu aliyefunga mlango kabisa haombi aombewe. Sijui lilikuwa na uzito gani kinywani mwake, lakini Mungu alilisikia kila mara alipolisema.