Maswali Yenu: Helikopta ya Wagonjwa Usiku

SWALI: Marubani wa helikopta za wagonjwa kule Marekani huvaa miwani ya kuonea usiku. Mbona bado wanaanguka?

JIBU: Miwani ile hukuza mwanga hafifu wa mwezi na nyota, basi. Upana wake ni nyuzi 40 tu, kama kuchungulia kwenye bomba, hivyo rubani hageuzi macho, hugeuza shingo. Tena huona kupitia ukungu mwembamba, na hapo ndipo anaponaswa: anaingia wingu zito bila kujua. Picha ikianza kuwa na chenga na taa za chini zikizungukwa na duara la mwanga, ageuze helikopta mapema. Na asiache kuchungulia chini ya miwani kwa macho matupu, maana zipo taa nyekundu za LED juu ya minara ambazo miwani haizioni kabisa.

Sheria ya 2014 ya FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilidai altimeta ya redio (hupima kimo cha helikopta kutoka ardhini), kifaa cha kuonya ardhi ikikaribia, na tathmini ya hatari kabla ya kuruka. Ndani ya tathmini hiyo lazima iulizwe kama kampuni nyingine imeshaikataa safari. Swali hilo, kwa maoni yetu, linashinda vifaa vingi: hospitali iliyokataliwa na kampuni moja kwa sababu ya hali ya hewa ilikuwa inapigia ya pili, kisha ya tatu, bila kusema. Kampuni makini pia hazimwambii rubani kama mgonjwa ni mtoto au mtu mzima mpaka aamue kuhusu hali ya hewa. Na mmoja wa timu akisema hapana, hawaondoki.

SWALI: Sisi wa chini tuandae uwanja vipi?

JIBU: Mita 30 kwa 30, ardhi ngumu, mteremko usiozidi nyuzi 5. Upite kwa miguu na tochi, uokote mabati na mifuko. Vumbi limwagiwe maji. Nyaya za umeme rubani hazioni, labda nguzo. Mwambieni kwa redio ziko upande gani. Taa nne pembeni zifungwe imara, na ya tano upande upepo unakotoka. Zimeni taa kali za magari: mwanga mkali hufifisha picha yote kwenye miwani.

Msisogee mpaka mwitwe, na kamwe si kutokea nyuma: pangaboi la mkiani likizunguka gizani halionekani. Shuka la mgonjwa lifungwe. Dripu ibebwe chini, isiinuliwe juu ya kichwa.