Barua kwa mwanangu: namna ya kukihakiki kitabu cha biashara

Mji wa Kale, Mombasa

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi. Ujumbe wako nimeupata. Wasema mhadhiri amekurudishia rasimu yako kuhusu Good to Great cha Jim Collins, na pembeni ameandika kwamba huo ni muhtasari, uhakiki uko wapi? Nawe wauliza utamhakiki vipi mtu aliyechunguza kampuni kubwa za Marekani kwa miaka mitano, ilhali wewe hujawahi kuendesha hata duka.

Kuendesha duka si sharti. Kazi uliyopewa ni kupima kama ushahidi alioutoa mwandishi unalibeba dai lake. Hilo lataka kusoma kwa makini, na kusoma unakuweza.

Kirudie kitabu, lakini usianzie sura ya kwanza. Soma dibaji, yaliyomo, sura ya mwisho, kisha viambatisho vya nyuma. Wengi huviruka kwa sababu ya majedwali na herufi ndogo, na humo ndimo Collins alimoeleza jinsi alivyozichagua kampuni zake. Kisha funga kitabu uandike dai lake kuu kwa sentensi moja. Ningeliandika hivi: Collins adai kwamba kampuni ya wastani yaweza kupanda hadi kuwa bora sana ikipata kiongozi mnyenyekevu mwenye azma kali, ikaweka watu wanaofaa kabla ya kuamua iende wapi, na ikang'ang'ania lile inaloliweza kuliko wengine. Sentensi kama hiyo ikikushinda, bado hujafika kwenye uhakiki, rudi ukasome.

Sasa chukua daftari uchore safu nne: ukurasa, dai, ushahidi, swali langu. Madai matatu au manne kwa kila sura yatosha. Safu ya ushahidi ndiyo yenye kazi. Andika ni ushahidi wa aina gani: takwimu za hisa, mahojiano na wakuu wa kampuni, makala za magazeti, au kisa kimoja tu? Utakuta madai mazito yaliyosimama juu ya kisa kimoja. Nambari ya ukurasa iandike papo hapo. Na usiichukue kwenye muhtasari wa mtandaoni, kwani kurasa zao huenda zisilingane na za nakala yako, na mhadhiri hugundua mara moja.

Tuingie ndani ya kitabu chenyewe. Watafiti wa Collins walianza na kampuni 1,435 zilizopata kuwamo katika Fortune 500, orodha ya kampuni kubwa 500 za Marekani, wakazichuja zikabaki 11. Kipimo kilikuwa mapato ya hisa: miaka 15 ya kwenda sawa na soko zima la hisa au chini yake, kisha badiliko, kisha miaka 15 ya kulizidi soko angalau mara tatu. Halafu kila moja ikalinganishwa na kampuni ya sekta ileile ambayo haikupanda: Walgreens na Eckerd, Kimberly-Clark na Scott Paper, Nucor na Bethlehem Steel. Hiyo ni nguvu ya kitabu, nawe iseme waziwazi. Vitabu vingi vya aina hii huwasifu washindi bila kuwalinganisha na yeyote. Mhakiki asiyeona jema lolote haaminiki hata pale anapotaja kosa la kweli.

Udhaifu uko kwenye uchaguzi. Kampuni zilichaguliwa kwa matokeo yake kwanza, ndipo sifa zake zikatafutwa. Chora mraba wenye vyumba vinne: waliokuwa na sifa wakafaulu, waliokuwa nayo wakaanguka, wasiokuwa nayo wakafaulu, wasiokuwa nayo wakaanguka. Ukianzia kwenye matokeo, huwezi kujua chumba cha pili kimejaa kiasi gani. Ni kama kuwauliza manahodha waliorudi Bandari ya Kale siri ya safari njema, wote wakakwambia walitweka tanga alfajiri. Waliozama nao walitweka alfajiri, ila hawapo wa kuulizwa. Basi kwa kila kanuni ya Collins uliza: ni kampuni ngapi zilikuwa na kiongozi mnyenyekevu mwenye azma, na bado zikafa? Kitabu hakijibu, na kwa mbinu iliyotumika kisingeweza kujibu. Ukiitetea hoja hiyo moja kwa mraba na nambari za kurasa, utakuwa umefanya uhakiki.

La pili ni jinsi sifa zenyewe zilivyopatikana. Watafiti walipitia makala karibu 6,000 na kuwahoji wakuu wa kampuni. Mwaka 2007 Phil Rosenzweig, profesa wa biashara, alitoa kitabu The Halo Effect, akaonyesha tatizo la ushahidi wa namna hiyo. Kampuni ikipata faida, waandishi na wafanyakazi humwona mkuu wake jasiri mwenye dira. Ikipata hasara, mtu yuleyule huitwa mkaidi. Kwa hiyo sifa yaweza kuwa imezaliwa na faida, badala ya kuizaa. Tafuta katika nakala yako aya moja ambamo sifa ya kiongozi imetokana na mahojiano au makala za baada ya mafanikio, uichambue hiyo. Aya moja iliyochambuliwa vizuri yatosha.

La tatu ni yaliyotokea baadaye, na hapa ndipo wanafunzi huteleza. Kitabu kilitoka 2001. Septemba 2008 Fannie Mae, kampuni ya mikopo ya nyumba, ikawekwa chini ya usimamizi wa serikali ya Marekani. Novemba mwaka huohuo Circuit City, wauzaji wa vifaa vya elektroniki, ikaomba mahakama iikinge na wadai, na mwaka 2009 maduka yake yakafungwa. Benki ya Wells Fargo ikatozwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016 kwa akaunti zilizofunguliwa bila ridhaa ya wateja. Zote tatu zimo katika zile 11. Ukirukia hapo kusema Collins alidanganya, umekosea, kwa sababu alipima kipindi maalumu wala hakuahidi kwamba ubora utadumu milele. Yeye mwenyewe alitoa How the Mighty Fall mwaka 2009, kuhusu namna kampuni kubwa zinavyoporomoka.

Lipe jibu la Collins nguvu zote, kisha ulikabili. Akisema zilizoanguka ziliacha kanuni, muulize: kama kupanda ni kwa kuzifuata na kuanguka ni kwa kuziacha, ni tukio gani basi lingeonyesha kwamba kanuni hazifanyi kazi? Kama hakuna, dai haliwezi kupimwa. Hii naiona ndiyo hoja yako kubwa kabisa, na ningeiweka mwisho wa sehemu ya uhakiki.

Wasema pia mmetakiwa kukihusisha kitabu na Kenya. Tafadhali usiandike kwamba mawazo haya hayafai Afrika ukaishia hapo. Onyesha ni dhana gani inayovunjika na inavunjikia wapi. Chukua lile gurudumu zito la Collins, kwamba ukilisukuma upande mmoja bila kuyumba litapata kasi lenyewe. Mwaka 2019 serikali iliagiza mizigo ya kwenda Nairobi na bara ipelekwe kwa reli mpya ya SGR na ikaguliwe na forodha na kutolewa hukohuko bara; wenye malori na mawakala wa forodha wa hapa Mombasa wakaona kazi ikihama, hata maandamano yakafanyika mjini. Septemba 2022 Rais William Ruto akaagiza huduma hiyo ya kutoa mizigo irudi bandarini Mombasa. Kampuni ya malori iliyosukuma gurudumu lake kwa bidii miaka hiyo yote ilipanda au kushuka kwa agizo ambalo mkurugenzi hakuwa na mkono ndani yake. Au chukua duka la leso la familia pale Biashara Street. Halina hisa sokoni, kwa hiyo kipimo cha Collins hakina pa kushika. Na ile kanuni ya kuweka watu wanaofaa ina ugumu wake, kwani kumwondoa kazini mtoto wa ndugu ni jambo la ukoo mzima. Chagua mfano mmoja kati ya hiyo, uchimbe. Ukiitaja yote miwili utakosa nafasi.

Maana nafasi ni maneno 1,500. Utangulizi 150: kitabu, mwandishi, mwaka, dai kuu, na msimamo wako. Ndiyo, msimamo hutajwa mwanzoni. Msomaji asisubiri ukurasa wa mwisho kujua wasimama wapi. Muhtasari 300, usizidi. Uhakiki 850, pamoja na huo mfano wa Kenya. Hitimisho 200: nani anufaike na kitabu, na akisome kwa tahadhari gani. Rasimu yako ilikuwa na muhtasari wa maneno kama 1,200, na chanzo ni kufuata sura moja baada ya nyingine. Panga kwa hoja, sura zitajitokeza zenyewe pale zinapohitajika. Dondoo refu zaidi ya mistari miwili lifupishe kwa maneno yako, na ukurasa utajwe vilevile.

Nikuonyeshe sentensi moja. Uliandika: "Collins anaeleza vizuri sana umuhimu wa uongozi." Mhadhiri hana cha kukupa alama hapo. Iandike hivi: "Collins anaonyesha kwamba kampuni zote 11 ziliongozwa na watu wanyenyekevu wenye azma, lakini kwa kuwa zilichaguliwa kwa mafanikio yake kwanza, ushahidi huo unathibitisha kwamba sifa hiyo iliandamana na mafanikio, bila kuthibitisha kwamba ndiyo iliyoyaleta." Ina dai, ina ushahidi, na inasema ushahidi unafika wapi na unaishia wapi. Ukipata sentensi nne za namna hiyo, kila moja na aya yake, sehemu ya uhakiki imesimama.

Kuhusu mwandishi, taja kazi yake pale tu inapoathiri hoja. Kwamba vitabu vyake vimemletea fedha hakuthibitishi wala hakubatilishi alichokiandika.

Kazi yatakiwa Jumatatu. Nitumie sehemu ya uhakiki peke yake Alhamisi usiku, nikusomee. Muhtasari usinitumie. Babako akusalimu, na nduguzo pia.

Mamako