Spea ya zamani isitoke gereji kabla mpya haijafanya kazi

Mwaka jana, wiki moja kabla ya mvua, Massey Ferguson 135 aliyoniachia marehemu baba iligoma kunyanyua plau. Injini inaunguruma vizuri, magurudumu yanavuta, lakini mikono ya nyuma imelala chini haitikisiki. Fundi akaniambia, "Mdogo wangu, pampu ya haidroliki imekwisha hii. Nenda Arusha kalete nyingine." Nikatoka Babati alfajiri, nikafika dukani nikasema nataka pampu ya Massey 135. Nikapewa moja inang'aa ndani ya boksi, nikarudi nayo jioni ileile.

Haikuingia. Shafti ya PTO, ile inayotoka nyuma ya trekta kuzungusha mashine nyingine, hupita katikati ya pampu ile na ndiyo inayoizungusha, kwa hiyo meno ya shafti na meno ya tundu la pampu sharti yalingane. Yangu ina meno 21. Niliyonunua ilikuwa na meno 10, ya Massey 35, trekta iliyotangulia 135. Basi, nikasema, turudi kwenye ile ya zamani, tuifungue tuone kama ni vali na sili tu, ile mipira ya kuzuia oili isivuje. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba kijana wa gereji alishaiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu, kwa kilo.

Ilikuwa pampu iliyokuja na trekta tangu kiwandani Coventry, Uingereza. Baba aliitunza miaka yote ile kwa kubadilisha oili na kusafisha chujio kwa mikono yake. Iliniuma, na inaniuma hadi leo. Baadaye fundi mzee mmoja wa Magugu alinieleza kwamba mara nyingi kinachokufa kwenye pampu hizi ni vali na sili, au chujio limeziba. Bodi lenyewe hudumu. Dukani hawakuipokea ile mpya kwa sababu ilikuwa imeshagusa oili. Nilipata ya meno 21 baada ya wiki tatu, wenzangu mahindi yao yameshachomoza.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na ninauweka mbele ya mengine yote: kila kinachofunguliwa kwenye trekta yako kikae mikononi mwako mpaka kipya kimefungwa na kimefanya kazi. Mwambie fundi kabla hajashika spana. Ukienda dukani, nenda nacho, hata kama kimevunjika vipande viwili. Kiweke kaunta kando ya kipya, hesabu meno, pima kwa rula, linganisha matundu ya bolti, angalia namba iliyoandikwa kwenye chuma. Shika kimoja mkono huu na kingine mkono huu uone uzito. Muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakukataza.

Jina la trekta peke yake halitoshi. 135 ilianza kutengenezwa 1964 ikaendelea hadi katikati ya miaka ya 70, na ndani mengi yalibadilika huku jina likibaki lilelile. Injini yake, Perkins ya silinda tatu, ikaendelea kutumika hata kwenye Massey 240. Viwanda vya TAFE kule India na Millat kule Pakistan navyo vimetengeneza matrekta ya ukoo huohuo. Hiyo ni neema kubwa kwetu, maana ndiyo sababu spea bado zinapatikana. Lakini ndiyo sababu pia rafu moja dukani inaweza kuwa na vitu vinne vinavyofanana kwa macho na visivyoingiliana.

Tafuta namba mbili uziandike kwenye simu: namba ya trekta kwenye kibati cha dashibodi, na namba ya injini iliyogongwa kwenye bloku upande wa pampu ya dizeli. Yangu ilikuwa imezikwa na rangi na grisi ya miaka mingi. Nilikaa chini na brashi ya waya, kopo la mafuta ya taa na tochi mpaka herufi zikatokea moja moja. Bila hizo usinunue pistoni. Zipo za ringi nne na za ringi tano, na slivu, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, nazo zipo za chuma cha kawaida na zenye kromu. Slivu ya kromu haivalishwi ringi ya kromu, zitakulana.

Je, kila kitu lazima kiwe orijino? Mimi sisemi hivyo. Madigadi na kiti, mchomeleaji mwenye mkono mzuri atakutengenezea. Spea za India na Pakistan nyingi nimezifunga na zimenifaa, kwa sababu zimeandikwa jina la aliyezitengeneza. Feki ni ile iliyovaa jina la mwenzake. Pale ambapo sipunguzi bei ni beringi za kranki, nozeli za kunyunyizia dizeli, sili na pini za kufungia plau. Pini ya kukatwa kwenye nondo iliwahi kupinda kwenye kisiki, ikabidi tuitoe kwa nyundo na moto.

Na filta ya dizeli, ile ya CAV. Ikija na mipira yake mipya, chokonoa kwanza ule wa zamani ulioganda juu kwenye kichwa. Wengi hupachika mpya juu ya wa zamani, halafu trekta inavuta hewa na inazima katikati ya shamba, na lawama inaenda kwa pampu ya dizeli.

Jingine dogo: trekta hii ni ya spana za inchi. Nati ya spana ya nusu inchi ni milimita 12.7, spana ya 13 inaingia lakini inacheza, na baada ya mara tatu kona zimekwisha.

Kama kifuniko cha PTO bado kipo, kirudishe kila mara. Kanga au suruali ikishikwa na ile shafti, hakuna muda wa kuzima.

Ile pampu ya meno 10 ninayo bado stoo, imefungwa kwenye nailoni. Kama una 35 na yako imekufa, ifungue, hesabu meno, halafu tuzungumze.