Ajira zilipoa mara mbili, hisa zikajibu tofauti

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Nipo Minneapolis, nahudumia wazee majumbani. Kila mshahara nakatwa asilimia 6 ya akiba ya uzeeni, inaenda mfuko wa hisa. Fedha za kumalizia kiwanja changu cha Kibaha nazo nimeziweka kwenye mfuko wa namna hiyohiyo. Novemba 2023 walitangaza ajira zimepungua, hisa zikapanda. Agosti 2024 wakatangaza tena zimepungua, hisa zikaporomoka. Nishike lipi? – Mama Zawadi

JIBU: Marahaba, Mama Zawadi. Kwanza, ajira hazikupungua. Ziliongezeka mara zote mbili, ila kwa uchache: tarehe 3 Novemba 2023 zilitangazwa mpya 150,000, na tarehe 2 Agosti 2024 zikawa 114,000, huku wasio na kazi wakifika asilimia 4.3. Riba ya Benki Kuu ya Marekani ilikuwa ileile siku zote mbili, kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Kilichobadilika ni hofu ya watu.

Mwaka 2023 walihofia mfumuko wa bei na riba. Riba ikipanda, kampuni zinakopa kwa gharama kubwa. Na mwenye fedha zake anajiuliza ahangaike na hisa za nini, wakati hatifungani ya serikali ya Marekani ya miaka 10 (yaani kuikopesha serikali kwa riba) inampa karibu asilimia 5 akiwa amelala. Ajira zilipopoa wakasema, basi, Benki Kuu haitapandisha tena. Hatifungani zikagombewa, faida yake ikashuka, hisa nazo zikapanda. Kufikia Agosti 2024 mfumuko ulishashuka hadi asilimia 3 hivi, hofu ikahamia kwingine: watu wakikosa kazi, nani atanunua bidhaa? S&P 500, kipimo cha hisa za kampuni kubwa zipatazo 500 za Marekani, ikashuka karibu asilimia 1.8 siku ile, na Jumatatu yake asilimia 3.

Jumatatu hiyo siisahau. Nimekaa meza ya hatifungani miaka kumi na tisa, benki moja hapa Dar, na mpaka leo siku ya takwimu hizo, saa tisa na nusu au kumi na nusu alasiri, natoa simu mfukoni hata nikiwa harusini (mke wangu ameshachoka kusema). Pamoja na yote hayo, siku hiyo niliuza vipande vyangu vya mfuko wa hisa. Tarehe 18 Septemba riba ikapunguzwa kwa asilimia 0.5, na kesho yake S&P 500 ikafunga juu kuliko siku yoyote iliyotangulia. Kosa hilo la kuuza kwa hofu nilikuwa nikiwafokea vijana kazini.

Za uzeeni ziache. Bado unafanya kazi, na bei ikishuka makato yako yananunua vipande vingi zaidi. Za Kibaha ndizo zinazoninyima usingizi, maana mwenye kiwanja hatangoja soko lirudi. Zitoe humo, ununue dhamana za serikali ya Marekani za miezi mitatu. Riba yake si ya kujengea ghorofa, lakini tarehe ya kuiva, yaani ya kurudishiwa fedha zako, unaijua tangu siku unayonunua.