Usinunue kitu bado, pima maji matupu kwanza

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema umechomoa leza kwenye mausi ya zamani ya kompyuta, unataka ipime sukari kwenye tone moja la juisi ya miwa, na unauliza fotodiodi (kijipande kinachohisi mwanga) ya kununua, kioo cha kuakisi na namna ya kuandika programu. Halafu mwishoni ukaandika "joto nitalishughulikia baadaye". Hiyo "baadaye" ilinila miezi minne.

Kifaa changu kilifanana na chako. Leza ya nanomita 850, mfereji wa kioo wenye kina cha milimita 1, na kioo cha kuakisi nyuma yake, sentimita 5 kutoka kwenye leza. Mwanga unapita kwenye kimiminika, unagonga kioo, unarudi ndani ya leza yenyewe na kuivuruga, nguvu yake inapanda na kushuka. Njia ya mwanga ikibadilika kwa nusu wimbi, yaani nanomita 425, nguvu hiyo inapanda na kushuka mara moja, ndilo ninaloliita pigo moja. Ukiongeza sukari gramu 1 kwenye kila gramu 100, unapata mapigo matatu na kidogo. Hadi hapo kila kitu ni kweli na kinapendeza.

Kila siku nilianza asubuhi na maji yenye sukari kidogo, nikamaliza mchana na yenye sukari nyingi. Mchoro ukatoka mzuri ajabu, sukari ikizidi mapigo yanazidi. Nikajaza daftari zima. Siku moja umeme ukakatika, kiyoyozi kikazima, leza ikabaki kwenye betri. Kwenye mfereji kulikuwa na maji matupu, hakuna aliyeyagusa, na mapigo yakawa yanatiririka tu. Kesho yake nikageuza mpangilio, nikaanza na sukari nyingi. Mchoro wangu mzuri ukasambaratika.

Piga hesabu uone. Leza za aina hii hubadilisha urefu wa wimbi lake kama nanomita 0.06 kwa kila nyuzi joto moja. Kwa umbali wa sentimita 5, hayo ni mapigo manane hivi. Sukari yako asilimia moja ni mapigo matatu. Maji yenyewe kwa nyuzi hiyo hiyo ni kama robo pigo tu, kwa hiyo usiyasingizie. Chumba kikipata joto kuanzia asubuhi hadi mchana, unapima jua.

Na aliyenipoteza alikuwa mtu mwenye maabara yake! Aliniambia, "Leza ndogo hiyo, inakula miliampea chache, haina joto." Miliampea chache ni kweli. Lakini sehemu inayotoa mwanga ni mikromita chache, hata joto dogo linahamisha wimbi lake, na joto la chumba linaifikia bila hodi. Ukikalia kiti cha kufundisha wenzako, sema unachokijua, ukiwa hujui nyamaza. Bado inaniuma, sitaficha.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: maji matupu kwanza. Jaza mfereji maji safi, funika, ondoka, rekodi dakika 30. Mapigo yakitembea, usiguse sukari. Ibane leza kwenye kipande cha shaba, bandika thamista (kihisi joto) pembeni yake, weka kipoza cha Peltier, kibamba kinachopoza kwa umeme, chini. Sogeza kioo cha kuakisi karibu na leza: ukitoka sentimita 5 hadi milimita 5, yale mapigo manane yanashuka chini ya moja, na hiyo haikugharimu hata shilingi. Mkondo wa leza nao uwe thabiti, maana ukiyumba unaipasha joto. Kisha rudia maji safi. Hata siku ya kupima miwa, anza na maji safi, maliza na maji safi, na uchanganye mpangilio wa sampuli.

Tone usiliache wazi. Tone la mikrolita 2 hukauka ukiliangalia, na likikauka sukari inakolea bila wewe kuongeza chochote. Na mwanga wa 850 jicho haliuoni sawasawa, kwa hiyo usiuchungulie.

Fotodiodi huenda usiihitaji kabisa, volti kwenye miguu ya leza yenyewe hubadilika mwanga unaporudi. Programu tutaizungumza. Leta kwanza hapa mchoro wa maji matupu wa dakika 30, tuuone.