Shingo ilipinda baada ya sindano ya Plasil

SWALI: Dokta shikamoo. Mdogo wangu wa kike ana miaka 17, juzi usiku alitapika mno tukamkimbiza hospitali, pale emajensi wakamchoma Plasil ya mshipa na kutapika kukakata. Asubuhi tuko nyumbani mara shingo ikapinda upande, macho yakapanda juu, taya limekaza hawezi hata kuongea vizuri ila anatusikia na machozi yanamtoka. Bibi akasema ni mashetani aitwe mganga, mimi nikamrudisha hospitali, akachomwa sindano nyingine na haikupita muda akawa sawa kabisa. Kile ni nini? Na akitapika tena apewe nini?
Dada mtu, Tanga

JIBU: Marahaba, poleni sana, na umefanya la maana kumrudisha. Sio mashetani na wala sio degedege, hiyo ni Plasil yenyewe. Dawa yake inaitwa metoklopramaidi, inatuliza kichefuchefu kwa kuzuia dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, sasa dopamini hiyohiyo ndio inaongoza misuli, kwahiyo kuna watu wakichomwa tu shingo, taya na macho vinakaza vyenyewe. Inawapata zaidi watoto na vijana, hasa wasichana, na kawaida inatokea ndani ya siku mbili za mwanzo. Na umeona mwenyewe, fahamu zake zote alikuwa nazo. Wengi hurudi sawa haraka wakichomwa promethazini au daizepamu.

Sasa hakikisha imeandikwa kwenye faili lake, na yeye mwenyewe ajue kusema kila aendapo, "Plasil hapana". Akitapika tena aombe ondansetroni, hii inazuia serotonini, kemikali nyingine ya mwili, haina kawaida ya kukaza misuli. Mtu mzima mara nyingi huanza na mg 4, kuna ya sindano na kuna kidonge kinachoyeyuka ulimini. Inaweza kufunga choo au kuumiza kichwa, na mwenye shida ya mapigo ya moyo aseme kabla.

Manesi wenzetu mnaosoma hapa, nawaomba sana, Plasil msiisukume yote kwa mkupuo. Ikipita kwenye dripu kwa dakika 15 hivi mgonjwa hapati sana ile hali ya kuhangaika kitandani akitaka kung'oa sindano akimbie. Ulaya tangu 2013 walishaiwekea mpaka, mg 30 kwa siku na isizidi siku 5.

Ila dada, hujaniambia alipimwa nini. Dawa inakata kutapika, ugonjwa unabaki palepale. Msichana wa umri huo nataka nijue malaria, sukari, na mimba pia, msione aibu. Na tumbo likianza kumuuma chini upande wa kulia, rudini siku hiyohiyo.