Fundi, Pikipiki Gani ya Kuanzia?

SWALI: Fundi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi Kibosho, ila naishi Majengo, Moshi mjini. Nimechoka kugombea daladala asubuhi na kulipa bodaboda jioni. Nimeweka milioni tatu ninunue pikipiki, na sijawahi kuendesha. Kaka yangu anataka nichukue 250 iliyotumika, ndefu zile za porini, anasema 125 haiwezi ile milima. Wenzangu wanasema Boxer 150. Mimi ni mfupi, nina kilo 52. Pia mwalimu mwenzangu ameshaniomba niwe nampakia. Unanishauri nini?
Mwalimu, Majengo

JIBU: Marahaba, mwalimu. Tuanze na hilo la milima, maana ndilo linalowafanya watu wanunue pikipiki wasiyoweza kuishika. Simama barabara ya Kibosho asubuhi yoyote uangalie. Boxer 125 na TVS 125 zinapanda na abiria, na mkungu wa ndizi umefungwa nyuma, gia ya pili. Wewe na begi lako la madaftari utafika shuleni bila shida. Kazi iko kwenye kushuka na kusimama.

Kwa hiyo acha cc kwanza, yaani ukubwa wa injini, hizo 125, 150 na 250; anza na miguu yako. Nenda dukani na viatu unavyovaa kazini, kaa kwenye kiti, shusha miguu yote miwili. Nyayo zikanyage chini, si ncha za vidole. Anayejifunza huanguka mara nyingi akiwa karibu amesimama: anageuza uwanjani, au injini imezimika katikati ya mlima. Pikipiki ikianza kulala upande, mguu unaoning'inia hauizuii. Zile 250 za porini zimeinuliwa ili zivuke mawe, na nyingi zinapita kilo 130. Kaka yako anakutakia mema, ila hiyo inamfaa mtu mrefu aliyekwisha kuzoea. Boxer 150 ni imara, siikatai, lakini kwako naona 125 inatosha, na spea zake zinapatikana Moshi nzima. Kabla hujalipa, isukume ukiwa umezima injini, igeuze, ipandishe kwenye stendi ya kati mwenyewe. Ikikushinda dukani, itakushinda kwenye tope.

Chagua yenye kifuniko kamili cha cheni. Gauni refu au kanga ikinaswa na cheni inakuvuta chini kabla hujapata hata nafasi ya kupiga kelele. Vaa suruali njiani, sketi iwe kwenye begi.

Sasa kushuka. Vijana wengi wanateremka kutoka Kibosho wakiwa nyutro, yaani bila gia, ili kuokoa petroli. Usiwaige, nakuomba. Ukiwa nyutro mzigo wote unabebwa na breki, na breki za drum, zile za ngoma ndani ya gurudumu, zikipata moto zinapungua nguvu. Shuka na gia ya pili, injini ikushikilie, breki uziguse tu. Utaambiwa pia usiiguse kabisa breki ya mbele, itakurusha. Si kweli. Ukifunga breki, uzito unahamia mbele, kwa hiyo hiyo ndiyo yenye nguvu kubwa. Ibane polepole, usukani ukiwa umenyooka, pamoja na ya nyuma. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, ukishaacha lami kuingia vihambani, kwenye migomba, punguza mwendo mapema ili usihitaji kubana kwa nguvu. Masika, Machi hadi Mei, ukikuta njia imekuwa sabuni, iache pikipiki nyumbani upande daladala.

Usijifunzie mlimani. Chukua leseni ya kujifunzia, tafuta mwalimu wa udereva, na mfanye mazoezi kwenye tambarare upande wa mashamba ya miwa ya TPC, Jumapili mapema kabla malori hayajaanza. Klachi ikishazoeleka mkononi ndipo upande juu.

Hiyo milioni tatu usiimalize kwenye pikipiki. Toa kwanza ya mafunzo na leseni, bima, koti la mvua, glavu na kofia ngumu. Kofia usinunue ya mitumba. Sponji yake ngumu ya ndani ikishapondwa mara moja haikulindi tena, na kwa nje huoni kitu. Itafute yenye alama ya herufi E ndani ya duara, ikubane mashavuni, ukitikisa kichwa isicheze.

Ukiamua kuchukua 125 iliyotumika, epuka iliyotoka kijiwe cha bodaboda. Hizo zimebeba watu watatu watatu na fremu nyingi zimechomelewa. Fika injini ikiwa ya baridi, muuzaji asiiwashe kabla yako. Moshi wa bluu maana yake inakula oili. Linganisha namba ya chesisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya kwenye kadi, na umiliki ubadilishwe TRA kuwa jina lako. Usikubali kubaki na kadi ya mtu.

Na mwenzako, mwambie asubiri. Abiria anabadilisha kila kitu: breki, kona, hata kuondoka mlimani. Mpakie ukishakuwa na leseni kamili, ukishapita masika moja peke yako, na aje na kofia yake.